Kustaafu si kufukuzwa duniani: Maana ya kuridhika na kushukuru maisha yanapogeuka

BARUA ya kustaafu aghalabu huwa fupi. Humtaja mtumishi kwa jina na nambari ya kazi, humwarifu tarehe ya mwisho ya utumishi wake, kisha humshukuru na kumtakia heri. Aya mbili au tatu hizo ndizo zinazofunga miaka 30 au zaidi ya kurauka, kupanda matatu, kusahihisha madaftari, kujaza rejista, kupokea amri na kutoa amri. Kesho yake jua huchomoza kama ada, ila mja huyo hana anakotarajiwa.

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Usemi huo hautumiwi kumwapiza mtu. Unaeleza tu namna ngazi ilivyoundwa. Hata hivyo, wengi wetu hupanda pasi na kuwaza juu ya kushuka, na siku ya kushuka inapowadia hutukuta kama msiba uliotumbukia nyumbani usiku wa manane.

Makala haya yanafafanua kwa nini badiliko la aina hii humlemea binadamu, kuridhika na kushukuru ni nini hasa, na mipaka ya mambo hayo mawili iko wapi. Suala la mipaka ni muhimu, kwa kuwa zipo nyakati ambapo kumwambia mtu aridhike ni kumwongezea dhuluma juu ya dhiki aliyo nayo.

Milango mingi ya kutokea

Nchini Kenya, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo 2009. Watumishi wenye ulemavu waliruhusiwa kuendelea hadi miaka 65. Kwa mwalimu au karani aliyekuwa amebakisha miezi michache, hatua hiyo ilikuwa afueni kubwa. Kwa kijana aliyekuwa na cheti mkononi akiisubiri nafasi ya mzee huyo, ilikuwa foleni iliyorefushwa kwa miaka mitano. Badiliko lilikuwa moja, lakini nyuso zake zilikuwa mbili. Ni vyema kulikumbuka hilo kila tunaposikia kuwa jambo fulani ni baraka au ni balaa, kwani mara nyingi hutegemea mtu amesimama upande gani wa mlango.

Isitoshe, si wote hujaliwa kuingoja tarehe. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipunguza watumishi wake kwa maelfu. Baadhi yao waliondoka kupitia mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, na wengine wakaachishwa kazi. Mnamo Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipothibitishwa nchini, shule zilifungwa, hoteli za Pwani zikakosa wageni, na walimu wengi wa shule za kibinafsi wakajikuta hawana mshahara wala tarehe ya kurejea kazini. Hao hawakuandikiwa barua ya heri. Mlango ulifungwa wakiwa bado ndani, wakajitafutia dirisha la kutokea.

Hesabu kabla ya hekima

Kabla ya kuzungumzia moyo, inafaa kuzungumzia mfuko, maana ni vigumu kumhubiria mtu shukrani ilhali hajui kesho atakula nini.

Kwa mtumishi wa umma aliye chini ya sheria ya zamani ya pensheni, kanuni ni kwamba kila mwezi wa utumishi humpa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake wa msingi wa mwisho. Aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, hustahiki 360 juu ya 480, ambayo ni robo tatu ya mshahara huo. Tuseme mshahara wake wa msingi ulikuwa Sh60,000. Pensheni yake itakuwa Sh45,000 kwa mwezi. Akiamua kuitoa robo ya pensheni hiyo ili alipwe kitita, atabaki na Sh33,750 kila mwezi. Robo aliyoitoa, ambayo ni Sh11,250 kwa mwezi, huzidishwa kwa miezi 12 kisha kwa 20, na kitita chake kikawa Sh2.7 milioni.

Mtu huyo anapoziona Sh2.7 milioni kwenye akaunti yake ya benki, huenda akadhani ametajirika. Jamaa na marafiki huenda wakadhani hivyo hivyo. Lakini fedha hizo ni pensheni yake mwenyewe iliyotangulizwa. Fauka ya hayo, marupurupu ya nyumba na usafiri aliyoyazoea hayamo katika hesabu ya pensheni. Aliyekuwa akipokea mshahara wa msingi pamoja na marupurupu atagundua kuwa pengo ni kubwa kuliko lile la robo moja alilolitarajia.

Mpango mpya wa watumishi wa umma, ulioanza Januari 2021, una utaratibu tofauti. Mtumishi hukatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi, ambayo ilianza kwa asilimia mbili mwaka wa kwanza, ikapanda hadi tano, kisha saba na nusu, nayo serikali huchangia asilimia 15. Waliokuwa hawajatimiza miaka 45 wakati huo waliingizwa humo kwa lazima.

Nao mamilioni ya Wakenya walio katika sekta ya jua kali, mashambani na katika uchuuzi hawaandikiwi barua yoyote ya kustaafu. Wao hustaafishwa na magoti na macho yao. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa, wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kuandikishwa kupokea Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakiwezi kumlisha mtu mwezi mzima. Kwa hivyo, anayezungumzia kuridhika na aanze kwa kukiri kwamba ngazi zetu hazina urefu mmoja, na wanaoanguka hawaangukii mahali pamoja.

Kwa nini badiliko hulemea

Mnamo 1967, wataalamu wawili wa afya ya akili nchini Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa kila moja alama kulingana na juhudi ambayo mtu huhitaji ili kujirekebisha baada ya tukio hilo. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100, ndiyo ya juu kabisa. Talaka ilipewa 73. Kufutwa kazi kulipewa 47 na kustaafu 45.

Jambo la kuzingatia zaidi katika orodha hiyo ni kwamba si matukio ya huzuni pekee yaliyotiwa ndani. Kufunga ndoa kulipewa alama 50, ambazo ni nyingi kuliko za kufutwa kazi. Hata likizo na Krismasi zilipewa alama zake. Wataalamu hao walikuwa wakieleza kwamba mwili na akili huchoshwa na kule kubadilika kwenyewe, liwe badiliko la heri au la shari. Orodha hiyo imekosolewa baadaye kwa kuwa watu hawafanani, na lililo zito kwa mmoja huwa jepesi kwa mwenziwe. Hata hivyo, funzo lake la msingi limebaki: anayestaafu akajihisi mchovu na mwenye hasira, hata kama alikuwa akiihesabu siku hiyo kwa hamu, si mwendawazimu wala si mkosefu wa adabu. Anafanya kazi ambayo haionekani, ya kujijenga upya.

Kwani kazi humpa mtu mambo mengi mbali na ujira. Humpa saa, hujua Jumatatu ni tofauti na Jumapili. Humpa wenzake wa kutaniana nao na hata wa kugombana nao. Zaidi ya yote, humpa jina. Aliyeitwa "Mwalimu Mkuu", "Afande" au "Sista" kwa miongo mitatu anapoamka akawa Baba Fulani tu, au Mama Fulani tu, huhisi kana kwamba amevuliwa nguo hadharani. Wengine huendelea kuamrisha nyumbani kama waliyoamrisha afisini, na mke, mume au watoto hushangaa huyu mkubwa mpya ametoka wapi. Ugomvi unaozuka hapo mara nyingi hudhaniwa kuwa wa chumvi iliyozidi mchuzini au wa televisheni, kumbe ni wa mtu anayelitafuta jina lake lililopotea.

Maneno yenyewe yana hekima

Lugha yetu imehifadhi hazina ambayo mara nyingi twaipita tu. Neno "kustaafu" lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kusamehe na kuachilia. Aliyestaafu, kwa asili ya neno, ni aliyeomba radhi na kuachiliwa kutoka kwenye jukumu. Mzizi huo huo ndio uliozaa "afya" na "afueni". Hakuna popote katika ukoo wa neno hilo ambapo mtu hutupwa au huisha. Aliyestaafu ni aliyepewa ruhusa ya kuutua mzigo.

Tutazame pia maneno matatu ambayo hutumiwa kana kwamba ni mamoja. "Kukubali" ni kupokea kuwa jambo limekuwa. Mtu anaweza kukubali kuwa mvua imenyesha na huku ameudhika kwa sababu nguo zake zilikuwa kambani. "Kuridhika" ni hatua ya pili. Ni moyo kutulia baada ya kukubali. Neno hilo ni ndugu wa "ridhaa", ambayo mahakamani humaanisha idhini anayoitoa mtu kwa hiari yake. Ridhaa iliyotolewa kwa kushurutishwa si ridhaa. Vivyo hivyo, hakuna awezaye kumridhisha mwingine kwa amri. La tatu ni "kukinai", yaani kuona kuwa ulicho nacho kinatosha. Lakini kukinai kuna upande wa pili pia, kwani husemwa kwa mtu aliyekula chakula kile kile hadi kikamtoka moyoni. Lugha inatuonya kwamba hata vizuri vikizidi huchosha, na kwamba kutosheka ni sanaa ya kipimo.

Na "asante" je? Neno hilo nalo limetokana na usemi wa Kiarabu wenye maana ya "umefanya vyema". Kwa hivyo, shukrani katika Kiswahili haianzi kwa mtu kujisikia vizuri. Huanza kwa kumtazama mwingine na kutambua tendo lake. Hili ni jambo la maana sana kwa anayestaafu, kama tutakavyoona.

Utafiti unasemaje?

Mnamo 1978, watafiti watatu wa Marekani wakiongozwa na Philip Brickman waliwahoji watu 22 waliokuwa wameshinda bahati nasibu kubwa katika jimbo la Illinois, pamoja na watu 29 waliokuwa wamepooza kutokana na ajali. Waliwalinganisha na watu wa kawaida. Ilibainika kuwa washindi wa bahati nasibu hawakuwa na furaha iliyowazidi watu wa kawaida kwa kiwango cha maana, na tena walipata raha ndogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki au kula kiamshakinywa. Waliopooza walikuwa na furaha pungufu kuliko watu wa kawaida, lakini upungufu huo haukuwa mkubwa kama ambavyo mtu angedhani.

Idadi ya waliohojiwa ilikuwa ndogo, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa yapo machungu ambayo watu hawayazoei upesi, ukosefu wa kazi ukiwa mmojawapo. Lakini wazo lenyewe limekubalika kwa mapana: binadamu huzoea. Huzoea gari jipya, na huzoea mkongojo. Kwa sababu hiyo, anayedhani kuwa furaha yake yote ilikuwa katika cheo amekosea, na anayedhani kuwa huzuni ya kukipoteza itadumu milele naye amekosea.

Utafiti mwingine ulichapishwa mnamo 2003 na Robert Emmons na Michael McCullough, nchini humo humo. Katika sehemu moja ya utafiti huo, waliwagawa wanafunzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliandika kila wiki, kwa muda wa wiki 10, mambo matano yasiyozidi ambayo lilishukuru kwayo. La pili liliandika mambo ya kuudhi, na la tatu likaandika tu matukio ya wiki. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho la wema zaidi, wakawa na matumaini zaidi juu ya wiki iliyokuwa ikija, na hata walifanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida ya zoezi hilo ipo, japo ni ya wastani. Si dawa ya sonona, na aliyezama katika huzuni isiyoisha anapaswa kumwona daktari. Ni kama kutembea kwa miguu kila jioni: hakuponyi malaria, lakini humwacha mtu akiwa imara kuliko alivyokuwa.

Shukrani husaidiaje? Kwa maelezo mepesi, mazoea huzima macho. Tulichokizoea hatukioni tena. Kuandika au kutamka jambo la kushukuru hulazimisha jicho kurudi pale pale lilipopita bila kutazama. Mzee aliyestaafu anayejiambia kuwa leo ameweza kutembea hadi sokoni bila maumivu hajaongezewa kitu kipya. Amekitambua kilichokuwapo.

Kukubali si kunyamaza

Hapa ndipo penye kutatiza. Wako watakaouliza: Je, mafunzo haya ya kuridhika si njia ya kuwatuliza wanyonge ili wenye nguvu walale usingizi? Swali hilo ni la haki.

Mwanafalsafa Epictetus, aliyeishi katika karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo, alizaliwa utumwani huko Hierapolis, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na alikuwa kilema. Baadaye alipata uhuru wake na akafundisha mjini Roma hadi Mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, Ugiriki, na kufungua shule. Fundisho lake kuu lilikuwa kuyagawa mambo mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Tusihangaike na fungu la pili. Nguvu zetu zote tuzielekeze kwa la kwanza. Wengi huisikia nusu ya fundisho hilo tu, ile ya kuacha. Nusu ya pili inadai kazi ngumu.

Hatuhitaji kwenda Roma kutafuta mifano. Mnamo 1982, Prof Wangari Maathai alijiuzulu kazi yake ya kufundisha katika chuo kikuu ili awanie kiti cha ubunge. Alizuiwa kuwania, akanyimwa kazi aliyokuwa ameiacha, na akatakiwa kuondoka katika nyumba ya chuo. Katika muda mfupi alikuwa amepoteza kazi, makao na matumaini ya siasa. Kupoteza kazi hakukuwa tena katika uwezo wake kukutengua. Lakini alibaki na vuguvugu la Green Belt, alilokuwa amelianzisha mnamo 1977, na sasa alikuwa na siku nzima ya kulitumikia. Mnamo 2004 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hatusemi kwamba kufukuzwa kwake kulikuwa kwema. Tunasema kwamba alikubali kuwa kumetendeka, na hakukubali kuwa ndio mwisho wake.

Mfano mwingine ni wa mshairi Abdilatif Abdalla, mzawa wa Mombasa. Alifungwa gerezani kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa alioutoa akihoji mwelekeo wa nchi. Akiwa kifungoni, alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mnamo 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kuta za gereza hazikuwa katika uwezo wake, kalamu ilikuwa. Na kalamu hiyo haikusema kuwa dhiki ni raha. Jina lenyewe la kitabu ni ushahidi wa hilo.

Basi mstaafu anayesubiri malipo yake miezi na miezi haambiwi aridhike nyumbani. Malipo hayo ni haki yake, si hisani, na kuyafuatilia ni jambo lililo katika uwezo wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kukubali kunahusu yaliyopita na yasiyozuilika: umri umefika, ofisi ina mtu mwingine, nguvu zimepungua. Hakuhusu uzembe wa anayelikalia faili.

Aidha, shukrani haidaiwi kama kodi. Kumwambia aliyefutwa kazi jana, "Shukuru, wapo wasio na hata chakula," ni kumfunga mdomo. Mtaalamu wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, katika kitabu chake cha 1969, aliwaeleza wagonjwa waliokaribia kufa kuwa hupitia kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na hatimaye kukubali. Imebainika baadaye kuwa si kila mtu hupitia hatua hizo zote, wala kwa mpangilio huo. Lakini alitukumbusha kuwa kukubali huja mwishoni, nako hakuharakishwi. Anayelia aachwe alie kwanza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Yafaayo kutendwa

Kutokana na hayo, yapo mambo machache ambayo anayekaribia kustaafu, au aliyekwisha kustaafu, anaweza kuyatenda pasi na gharama kubwa.

La kwanza ni kupiga hesabu mapema na kuwashirikisha mwenzi wake na watoto. Familia isiyojua kiasi cha pensheni itaendelea kudai mambo ya enzi za mshahara, na mzee, kwa kuona haya, ataendelea kutoa hadi kitita kiishe. Ukweli unaosemwa mezani siku moja huzuia lawama za miaka 10.

La pili ni kutoingia katika biashara asiyoijua siku anayopokea fedha. Wengi huwekeza kwa pupa kwa sababu wanaogopa kuonekana hawana kazi. Yaani wananunua jina jipya kwa bei ya akiba yao. Jina linaweza kusubiri.

La tatu ni kuipa siku umbo. Awe na saa ya kuamka, saa ya shamba au ya matembezi, saa ya kusoma gazeti na siku ya kukutana na wenzake, iwe ni katika chama, kanisani au msikitini. Saa alizopangiwa na mwajiri sasa ajipangie mwenyewe.

La nne, na pengine lililo bora, ni kutoa asante kwa maana yake ya asili. Aketi na kuwakumbuka waliomfaa katika miaka yake ya kazi: karani aliyemwelekeza siku ya kwanza, tarishi aliyemfichia aibu, mkubwa aliyemkanya kwa faragha badala ya kumfedhehesha mbele za watu. Walio hai awapigie simu au awatembelee, na awaambie bayana walichokitenda. Asante isiyotaja tendo ni kama bahasha tupu. Yule anayeshukuriwa, ambaye huenda naye amestaafu na anajiona kuwa amesahauliwa, atagundua kwamba kazi yake haikupotea bure. Hivyo shukrani ya mmoja huwa dawa ya wawili.

La tano ni kufunza. Aliyeshona, aliyefundisha, aliyeendesha trekta au aliyehariri ana ujuzi ambao hauandikwi katika barua ya kustaafu wala hauchukuliwi pamoja na funguo za ofisi. Kijana aliyerefushiwa foleni mnamo 2009 huenda ndiye anayekikalia kiti hicho leo. Kumchukia kwa kukikalia hakutakirudisha kiti. Kumwonyesha mguu uliolegea, ili asianguke, ni kukubali kuliko na faida.

Mwisho, walio karibu na mstaafu wana wajibu wao. Wamwombe ushauri wakiwa na nia ya kuusikiliza, wampe jukumu la kweli, na wasimgeuze mlinzi wa nyumba au yaya wa wajukuu bila ya kumwuliza. Kumwita "Mwalimu" mtu aliyeacha ubao miaka mingi iliyopita si kumdanganya. Ni kumshukuru kwa neno moja.

Maisha hayatasita kugeuka. Watoto watahama, macho yatafifia, marafiki watatangulia, na hata walio kileleni leo wataandikiwa barua yao fupi. Hakuna aliyepewa uwezo wa kuchagua tarehe zote. Lakini siku ya kushuka, mtu bado ana hiari ya kushuka akitazama chini kwa hofu, au kushuka akizishika vyema vipandio vya ngazi, akijua ni nani waliomshikilia ngazi hiyo alipokuwa akipanda.